Nguruwe wa Zamu ya Mwisho

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa soksi. Nilikuwa nimetoka Machakos kuja kusoma Durban, nikapata stashahada ya afya ya mifugo, nikapanga chumba Overport, na kwa ujinga wa ujana nilikuwa nimejinunulia kipimajoto changu mwenyewe nikidhani nitaanza kutibu. Daktari Mkuu wa Mifugo wa kampuni ya machinjio iliyoniajiri, mwanamume mrefu asiyepandisha sauti hata akikasirika, alinipa mfuko wa soksi nyeupe za kitambaa akaniambia nizivae juu ya gambuti.

"Tembea mabanda yote," akasema. "Kila kona, hasa pale wanapolala. Ukimaliza zivue, zitie mfukoni, funga, andika jina la shamba."

"Na wagonjwa je, Daktari?"

"Nguruwe tunayemtafuta haumwi. Anakula, ananenepa, mwenye shamba anamsifu. Anayeumwa ni mtoto wa mtu anayekula soseji mjini."

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi hii sasa, kwa hiyo nieleze mapema. Salmonela ni bakteria anayeishi kwenye utumbo wa nguruwe na kujificha kwenye tezi zake bila kumsumbua. Nguruwe akitulia, bakteria naye ametulia. Mnyama akihangaishwa, akipakiwa lori pamoja na wageni, akipigana, akikaa na kiu, humwaga bakteria hao kwenye kinyesi, na mwenzake aliye karibu huwaokota kwa pua na ulimi. Zile soksi zilikuwa njia yetu ya kuyauliza mabanda swali. Kinyesi kinanasa kwenye kitambaa, kitambaa kinakwenda maabara, na maabara inajibu.

Maabara ilikuwa kwa Yusufu, mzaliwa wa Chatsworth, wa ile jamii ya Wazanzibari waliohamishiwa huko zamani. Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake na madrasa, akakichanganya na Kizulu. Watu wapya walipomuuliza Mwislamu anafanya nini na nguruwe, aliwajibu, "Mimi sili, siuzi, sifugi. Nawasoma wadudu wake tu." Alikuwa mtani mkubwa. Sisi Wakenya tulizoea kusema nguruwe "wanafunga" kabla ya safari, naye alinifokea huku akicheka, "Neno hilo tuachieni wenyewe, Mueni! Hao wananyimwa tu chakula."

Na kuwanyima kwenyewe ni kazi yenye ufundi wake. Nguruwe hachinjwi tumbo likiwa limejaa, kwa sababu kisu kikikosea utumbo hupasuka na vilivyomo humwagikia nyama. Kwa hiyo chakula huondolewa jioni ya kuamkia safari, maji yanaachwa. Lakini ukipitiliza, njaa humfanya alambe sakafu na kula mavi ya mwenziwe, na kile ulichokuwa ukikikimbia unakikuta tumboni. Wakulima wengi walikosea hapo, wakidhani njaa ndefu ni usafi mwingi.

Miaka yangu ya kwanza niliimaliza barabarani, nikipanda kila asubuhi kutoka mjini kwenda mashamba ya bara. Niliwafundisha watu kuingiza kundi zima kwa pamoja na kulitoa kwa pamoja, ili banda lipate siku za kuwa tupu. Niliwafundisha kutia asidi kidogo kwenye maji ya kunywa, kwa kuwa bakteria hawa hawapendi uchachu. Niliwinda panya, maana panya mmoja hubeba uchafu wa banda hili mpaka lile bila kuomba ruhusa. Zaidi ya yote niliimba wimbo mmoja mpaka wakanichoka: kuosha bila kukausha ni kuwanywesha bakteria maji. Banda lililooshwa likaachwa na unyevu ni hatari kuliko lililofagiwa kavu. Wakulima wakubwa walinisikiliza wakiangalia saa. Sikuwajali.

Nisingeiheshimu kazi hiyo kama si mazishi fulani. Mfanyakazi mwenzetu wa mstari wa kuchinjia alifiwa na bintiye mdogo kwa kuharisha, na hospitali ikasema ni salmonela. Nyama alikuwa amenunua dukani kama mtu yeyote, na haikujulikana kamwe ilitoka shamba gani wala kama ni nguruwe kweli. Daktari Mkuu na mimi tulisimama kaburini. Jeneza lilibebwa na mtu mmoja, mikononi, bila kusaidiwa. Tuliporudi garini Daktari Mkuu alikaa na ufunguo mkononi asiwashe injini, mimi nikalia mpaka nikaishiwa.

Baada ya mazishi hayo ndipo Meneja wa Machinjio alipoweka utaratibu wa zamu, na mimi nikahamishiwa machinjioni kuusimamia. Mashamba yaligawanywa kwa rangi kufuata majibu ya maabara. Kijani wana bakteria wachache, njano wa wastani, nyekundu wengi. Kijani wanachinjwa kwanza, visu na tangi la maji ya moto la kunyonyolea vikiwa bado safi. Nyekundu wanachinjwa mwisho, halafu kila kitu kinaoshwa. Shamba likibaki nyekundu mwaka mzima, mkataba unakatwa, na bila mkataba mkulima hana pa kuchinjia kihalali. "Samaki mmoja akioza," nilimwambia Meneja kwa lugha yangu kisha nikamfasiria, naye akaupenda msemo huo hata akautumia mikutanoni. Utaratibu ulikuwa mzuri. Mpaka leo nasema ulikuwa mzuri kwa nyama.

Mama Furaha aliingia katika habari hii akiwa tayari nyekundu. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mjane, aliyefika Durban akalala chumba kimoja na familia nyingine kwenye ghorofa za South Beach akisuka watu nywele, hadi alipokodi mabanda machache ya zamani huko juu, nyuma ya Cato Ridge. Kwao walifuga nguruwe tangu babu. Kundi lake la kwanza alilinunua mnadani na lilikuja na salmonela, jambo linaloweza kumpata yeyote. Aliwauza wote, akasugua, akakausha, akaanza upya na majike safi. Sijawahi kuona banda kama lake. Jirani yake, Baba Mkhize, mzee aliyemwazima dume la kupandishia na kumfundisha Kizulu, alisema kwa mama huyo ungeweza kula ugali juu ya sakafu.

Nilikwenda na soksi zangu, zikarudi safi. Nikarudia, zikarudi safi tena. Lakini vipimo vilivyochukuliwa kwenye utumbo na tezi za nguruwe wake baada ya kuchinjwa vilitoka vichafu kila mara, na kwa sheria yetu ndani ya nguruwe ndiko kwenye neno la mwisho. Alibaki nyekundu huku mwaka ukisonga.

"Dada Mueni, kwangu uliona," aliniambia mlangoni pake, karai la dawa ya kuchovya viatu likiwa kati yetu. "Pasta mwenyewe anavuaka viatu hapa ku mulango. Bon. Soksi inasema niko propre. Machinjio inasema niko muchafu. Sasa mimi niamini nani?"

Nilimwambia atazame maji, atazame panya, atazame chakula, mambo yale yale ambayo tayari alikuwa anayafanya. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Wakikata ile contrat, nitarudia kusuka nywele. Na hii mikono imeshaharibika, haishikake uzi tena." Alinionyesha vidole vilivyovimba kwa maji baridi na sabuni.

Jibu lilikuwa chini ya miguu yangu. Ijumaa moja umeme ulikatika asubuhi kwa mgao na mstari wa kuchinjia ukasimama. Nguruwe wote walibaki kwenye mazizi ya kusubiria, vijana wa mazizini wakawa wanamwaga maji kwa bomba ili kuwapoza. Nguruwe wa Mama Furaha walikuwa wamefika alfajiri, kwa kuwa alipanda lori moja na wakulima wengine, lakini zamu yao ilikuwa ya mwisho. Zizi la nyekundu lilijengwa upande wa chini, karibu na mfereji mkuu, makusudi kabisa, ili uchafu wao usitiririkie wengine. Nilisimama pale nikaona maji ya kila zizi la juu yakishuka na mavi yake, yakipita katikati ya miguu ya nguruwe wake. Walikuwa na njaa tangu jana yake. Walikuwa wanalamba.

Nguruwe akimeza uchafu kama huo, saa chache zinatosha bakteria kufika utumboni na kwenye tezi. Walitoka kwake safi, wakachafukia kwetu, nasi tukamwandikia yeye.

Nilimwomba Yusufu alinganishe aina za bakteria, maana salmonela ana koo nyingi na kila shamba mara nyingi huwa na ukoo wake. Aliniita maabara, akanikalisha.

"Eish, Mueni. Waliomo ndani ya nguruwe wa Mama Furaha wako ni ukoo wa lile shamba kubwa la kijani, la yule anayeshuka kwanza kila wiki. Wachache kwake, lakini ana nguruwe wengi. Wachache mara wengi ni wengi."

Nilikwenda kwa Daktari Mkuu nikiwa na furaha, nawaambia kweli, furaha ya mtu aliyepata dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nimejua tangu tulipochora ule mteremko. Maji lazima yateremke, Mueni. Zizi la mwisho lazima liwe la mtu."

Sijawahi kumchukia mtu kwa kiasi kile, na alikuwa mtu mwema. Nilimkumbusha kwamba mwanamke yule atapoteza shamba. Akanikumbusha kaburi tulilosimama. Akasema nyama ya wengi inalindwa na hasara ya mmoja, na kama nina mpango mwingine niulete.

Niliuleta. Nilimwambia Meneja wa Machinjio tumwage upya zege la sakafu, kila zizi liwe na mfereji wake. Alicheka, akasema machinjio hayafungwi hata siku moja, watu wa mjini wanakula kila siku. Nikasema basi tupokezane, kila shamba likae chini kwa zamu, na la kijani pia. Meneja alimpigia simu mwenye shamba kubwa, nami nikiwa nimekaa pale pale. Mwenye shamba alisema nguruwe wake wakiwekwa zizi lile wiki moja tu, atawapeleka machinjio mengine na hatarudi. Nilipomsimulia Yusufu, alitikisa kichwa.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu," akasema. "Kwa huyu hata kwa nguruwe ni mchungu, mradi ni nguruwe wake."

Nilichopata mwishowe ni jaribio. Meneja alikubali nguruwe wa Mama Furaha waletwe Jumatatu, wa kwanza kabisa, kwenye zizi la juu lililokauka tangu Jumamosi. "Mara hii tu," akasema. Mama Furaha alilipanga jambo lile kama harusi. Lori lilioshwa na kuanikwa juani. Nguruwe wa banda moja walipakiwa pamoja ili wasipigane. Chakula kiliondolewa kwa saa niliyomwambia, si mapema wala baadaye. Asubuhi ile umeme haukukatika, walishuka wakachinjwa kabla hata hawajajua wako wapi. Yusufu alipima tezi na utumbo, akanipigia simu na kusema neno moja tu, "Safi."

Kwa majibu hayo Meneja alituruhusu turudie, na ya pili ikatoka safi. Mama Furaha akapandishwa njano, halafu kijani. Mkataba wake ukapona. Aliniletea sambusa na kuku mzima wa kuchoma, akanikumbatia mbele ya mlinzi wa lango, akasema Mungu iko, Mungu iko kabisa. Nilijiona mtu mkubwa sana siku hiyo.

Sasa wenye akili mmeshauliza. Zizi la chini halikuhama. Mazizi ya juu hayakutosha wote, kwa hiyo Ijumaa iliyofuata lilihitaji mtu, na Meneja aliangalia rangi zake akamchukua wa chini kabisa kati ya njano, mfugaji mdogo asiye na lori lake, aliyezoea kupanda lori la wenzake alfajiri. Akawa Baba Mkhize.

Mama Furaha ndiye aliyeniambia, kwa kuwa mzee alimweleza kwa mshangao jinsi majibu yake yalivyogeuka ghafla. Nilikimbia kwa Meneja kuomba Jumatatu nyingine. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Nikimpandisha na yeye, nimshushe nani?" akaniuliza. "Niletee jina."

Sikumletea. Nani angeleta?

Mama Furaha hakusubiri mikutano yetu. Ijumaa iliyofuata alikuja machinjioni na ufagio wake, matambara, na ule mpira wa kusukumia maji sakafuni, akashuka mpaka zizi la chini na kuanza kukausha sakafu ya nguruwe wa jirani yake. Alikausha, maji yakashuka, akakausha. Wale vijana wa mazizini walisimama wakimtazama, mmoja akafunga bomba kwa aibu. Kisha mlinzi alikuja kumtoa, kwa sababu mfugaji haruhusiwi kuingia mazizini asije akabeba uchafu hadi shambani kwake. Sheria hiyo ni yangu. Mimi ndiye niliyeifundisha mashamba yote, na ni sahihi, ndiyo maana nikampisha mlinzi apite naye. Alipita mbele yangu akiwa ameshikwa mkono, matambara yanadondosha maji, akasema tu, "Waambie wasifungue ile bomba, dada. Ni hiyo tu."

Niliwaambia. Walijitahidi wiki kadhaa. Halafu joto likaja, na joto la Durban huua nguruwe waliosongamana, bomba likafunguliwa.

Daktari Mkuu alistaafu katikati ya mwaka huo. Aliponiaga alinishika mkono muda mrefu, akasema kazi yetu imeokoa watu ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa. Ni kweli. Maabara ilionyesha hivyo, nyama iliyotoka kwetu ilikuwa safi kuliko ya zamani. Mimi pia nililala vizuri zaidi nikifikiria watoto wa mjini, na vibaya zaidi nikifikiria mzee Mkhize, ambaye mkataba wake ulikatwa mwaka ulipotimia.

Mzee hakubishana. Aliuza alichokuwa nacho, na kwa kuwa hakuna aliyetaka mifugo ya nyekundu, majike yake na watoto wao walinunuliwa na Mama Furaha, kwa huruma zaidi kuliko biashara. Nilimkataza. Nilimwambia atahatarisha kijani chake. Alinijibu kwamba mtu aliyekuazima dume humwachi barabarani. Akawatenga banda la mbali, akanisubiri nije na soksi. Zikatoka safi. Wale watoto wa nguruwe walipokomaa, wakaenda machinjioni kwa jina lake, zamu ya kwanza, zizi la juu. Yusufu akapima.

Nilimpelekea majibu mwenyewe. Alikuwa akikuna ngozi ya jike mmoja wa mzee kwa gunzi la muhindi, na hakuinua uso nilipomwambia kijani.

"Ni banguruwe zile zile, dada," akasema. "Zile zile. Kwake ilikuwa nyekundu, kwangu iko kijani. Sikuzifanya kitu." Baadaye akauliza kama anaweza kumpelekea mzee ile karatasi ya maabara. Nilimwambia anaweza. Akafikiri, akasema hapana, itamuua. Na kweli mzee alikufa miezi si mingi baadaye, kwa moyo, walisema.

Nilistaafu nikiwa msimamizi wa programu nzima. Walinipa keki, wakanipa saa ya ukutani, na Meneja mpya akasoma hotuba yenye maneno mengi kuhusu usalama wa chakula. Nakaa bado Overport, ghorofa ya tatu, magoti yanalalamika kwa ngazi. Vijana wa chuo hunijia kuniuliza mambo ya kitaalamu, nami huwajibu yote: asidi kiasi gani, njaa kiasi gani, kausha, kausha, kausha. Hawaniulizi sakafu imeinamia upande gani. Huwaambia hata wasipouliza. Huwaambia wakipewa majibu ya shamba, waende wakasimame pale nguruwe wanaposubiri, wavue kofia ya utaalamu kidogo, watazame maji yanakokwenda na ni nani aliyewekwa hapo. Wengine huandika. Wengine hucheka kistaarabu, wananiona bibi aliyekula chumvi nyingi.

Sijutii kumpigania Mama Furaha. Ningempigania tena kesho. Ninachokasirikia ni kwamba nilishinda, na ushindi wenyewe ukawa wa kumsogeza mtu mmoja hatua moja juu ya mwingine, na sikupata ushindi wa aina nyingine. Sakafu ile haijamwagwa upya hadi leo.

Tunakutana Jumapili kwenye ibada ya Kiswahili. Mama Furaha amenenepa, ana mabanda zaidi, anaendesha bakkie, pikapu yake mwenyewe. Watu hutuona tumesimama pembeni baada ya ibada wakadhani tunasalimiana. Hanisalimii. Hunishika kiwiko, hunivuta karibu, na kuuliza kwa sauti ya chini, "Sasa kule chini iko nani?"

Na kila mara ninalo jina la kumjibu.